Munane si kosa: kuhusu mchezo wa herufi na hesabu

Katika likizo kubwa iliyopita chama chetu kiliita batoto na vijana wa mtaa kwenye jioni ya michezo ya akili, hapa kwetu Dilala. Kulikuwa vitendawili, kulikuwa mashairi ya kusema kwa kichwa, na kulikuwa mchezo mmoja ambao wengi wetu hatukuwa tumeuona bado. Huo ndio ulituletea ubishi ambao mpaka leo haujaisha. Kanuni yake ni nyepesi. Unachagua namba yoyote, unaandika jina lake kwa herufi, unahesabu herufi zile ni ngapi. Halafu unaandika jina la hesabu hiyo, unahesabu tena, unaendelea vile vile mpaka uone njia inakupeleka wapi.

Muvulana mmoja wa miaka kumi na mbili alichagua 8. Akaandika munane, herufi sita. Akaandika sita, herufi nne. Akaandika ine, herufi tatu. Akaandika tatu, herufi nne. Ine tena, tatu tena. Akasimama juu ya kiti, akapiga kelele: «Inazungukaka tu, haisimame!» Alikuwa wa kwanza kupata jibu katika chumba kizima. Mwenzetu aliyesimamia mchezo akachukua kaye yake, akachora msalaba juu ya munane, akachora mwingine juu ya ine. «Andika Kiswahili cha kitabu, mwana yangu.» Mtoto akajibu polepole: «Papa, ile njo namna tunasemaka.» Pointi zero.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba tunaona msimamizi alikosea. Yeye ni ndugu yetu, tunamheshimu, naye anajua kwamba tunaandika kurasa hizi. Lakini hatutaki kumjibu kwa maneno ya «utamaduni wetu» na «mababu zetu» peke yake, maana maneno hayo kila mtu anayasema na hayashinde mtu. Tunataka kumjibu kwa hesabu, kwa sababu mchezo wenyewe ni wa hesabu.

Tuanze na orodha ya kitabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi. Ukizihesabu herufi utaona jambo la ajabu: kati ya majina hayo kumi, manane yana herufi nne. Mbili peke yake ina tano, na nne peke yake ina tatu. Basi utaanza popote, utaangukia kwenye nne. Nne inakutupa kwenye tatu, na tatu inakurudisha kwenye nne. Ni kama bantu wawili wanaofukuzana kuzunguka nyumba. Namba kubwa nazo haziponi. Chukua kumi na mbili: herufi kumi na moja. Kumi na moja: herufi kumi. Kumi: herufi nne. Hapo unashuka ngazi, 12, 11, 10, halafu unateleza mpaka chini na kuanza kuzunguka na wengine. Na hakuna namba hata moja ya Kiswahili ambayo jina lake lina herufi sawa na thamani yake. Tumezipima zote za kumi na kitu, na kuanzia ishirini majina yanakuwa mafupi kuliko namba zenyewe, hayawezi tena kuzifikia.

Sasa tuchukue orodha ya Kolwezi, ile ya soko na ya nyumba. Moya, mbili, tatu, ine, tano, sita, saba, munane, kenda, kumi. Moya ina herufi nne, sawa na moja. Ine ina tatu, sawa na nne ya kitabu, ijapokuwa kitabu kinaandika n mbili na sisi tunaandika i. Munane ina sita, na sita inakwenda kwa ine. Kenda ina tano, na tano inakwenda kwa ine. Ine inakwenda kwa tatu, tatu inarudi kwa ine. Hata yule anayesema makumi mbili pahali pa ishirini, herufi zake ni kumi na moja, naye anashuka ngazi ile ile na kuingia kwenye mzunguko ule ule. Kwa hiyo kaye ya mtoto na kitabu cha msimamizi vilifika pahali pamoja. Tofauti ni kwamba njia ya mtoto ilikuwa ndefu zaidi: nane ya kitabu inaruka moja kwa moja kwenye nne, lakini munane inapita kwanza kwa sita. Kama mchezo ni kutafuta njia, mtoto aliona zaidi. Na bado alipewa zero.

Msimamizi alitujibu: «Lakini mchezo wa herufi unataka maandishi ya namna moja, la sivyo kila mtu atajiandikia anavyotaka.» Hoja hii ina uzito, hatuitupe. Mtu akiandika taatu kwa a mbili ili apate pointi, mchezo umekufa. Ila tuulize maandishi ya namna moja yalitoka wapi. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili ilikuwa ya nchi nne zilizokuwa chini ya Waingereza: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Msingi wake ulikuwa Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar mjini. Kongo ya Wabelgiji haikuwa mezani. Hatulalamiki juu ya kamati ile. Ilifanya kazi kubwa, na hata kurasa hizi zinaandikwa kwa matunda yake. Tunasema tu kwamba kanuni ya nyumba ambayo hatukualikwa haiwezi kuwa sababu ya kumnyang'anya mtoto wa Dilala pointi zake.

Kisha kuna Kifaransa. Batoto wetu wanakiandika kila siku ku masomo, na wale wakubwa waliujaribu mchezo kwa lugha hiyo jioni ile ile. Matokeo yake ni mazuri sana, tukubali. Trois ina herufi tano. Cinq ina nne. Quatre ina sita. Six ina tatu, na tatu ni trois. Kwa hiyo Kifaransa kina mzunguko wa bantu wanne: trois, cinq, quatre, six, na kurudi trois. Un inakwenda kwa deux, deux inakwenda kwa quatre, basi nayo imenaswa. Binti mmoja ambaye jamaa yake wanafanya biashara upande wa Zambia akaleta Kiingereza. Huko hakuna kuzunguka kabisa: four ina herufi nne, na kila namba ya Kiingereza inaishia hapo, inakaa. Lugha moja inakaa, nyingine inatembea na watu wanne, ya tatu inafukuzana wawili wawili. Vijana walicheka sana. Mmoja akasema Waingereza wanapenda kukaa kwenye kiti, na sisi tunapenda kucheza. Tumeiandika kwa sababu ilitufurahisha, si kwa sababu ni kweli.

Jambo kubwa zaidi la jioni ile halikutoka kwa kijana wala kwa msimamizi. Mama mmoja mzee, aliyekuja kuwangojea wajukuu wake, alikuwa amekaa karibu na mlango akisikiliza. Alipoona ubishi umepanda, akasema: «Miye sijuaka kuandika, lakini masikio iko.» Akapiga makofi: mo-ya, mawili. Mbi-li, mawili. Ta-tu, mawili. I-ne, mawili. Akaendelea mpaka kumi, kila jina makofi mawili, isipokuwa moja: mu-na-ne, makofi matatu. «Basi,» akasema, «munane inaenda kwa tatu, na tatu inaenda kwa mbili. Na mbili ni mbili. Imefika.»

Chumba kilinyamaza. Alichofanya mama yule ni kuucheza mchezo kwa mdomo badala ya kalamu, na kwa mdomo mchezo unapata mwisho. Jina la mbili lina vipande viwili vya sauti, mbi na li, na thamani yake ni mbili. Hilo ndilo jina ambalo herufi zilishindwa kutupatia, jina linalojisema lenyewe bila uongo. Kitabu nacho kinatii: nane ni na-ne, makofi mawili, nne ni n-ne, mawili, tisa mawili. Kumi na moja ni makofi matano, tano ni mawili. I-shi-ri-ni ni manne, nne ni mawili. Kila namba inarudi nyumbani kwa mbili. Kalamu inazungusha Kiswahili bila mwisho, mdomo unakifikisha.

Hatuoni kwamba ni bahati tu. Herufi ni nguo ambayo lugha ilivalishwa. Kwa Kiswahili ilikuwa kwanza nguo ya Kiarabu, baadaye ya Kilatini. Lugha yenyewe imejengwa kwa silabi, na majina ya namba zetu yamezoea kuwa na silabi mbili kama vile hatua za mguu wa kushoto na wa kulia. Mtu anayehesabu mafungu ya unga sokoni anasikia mdundo huo. Haoni herufi. Ndiyo maana tunasema mchezo huu ulipoingia kwetu uliingia kupitia mlango usio wake, na mama yule akaufungulia mlango wa kweli.

Kutoka hapo tunafika kwenye jambo ambalo kwetu ndilo kiini. Mchezo wa Ulaya unatafuta hesabu katika herufi kwa sababu katika maneno yenyewe hesabu haionekani tena. Mtu akisikia five au cinq, neno halimwambii kitu chochote kuhusu tano. Katika lugha zetu mara nyingi hesabu imo ndani ya neno. Sikiliza nane. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaona ndani yake nne iliyorudiwa, nne na nne. Munane yetu ni neno lile lile na kiambishi mbele. Ndugu zetu wanaosema Kibemba, ambao tumechanganyika nao katika migodi ya pande zote mbili za mpaka, wanasema wazi zaidi: cine konse konse, nne huku na nne kule, kama mtu anayeinua vidole vinne vya kila mkono. Huhitaji kalamu ili kujua ni nane. Unaangalia tu mikono.

Na sita? Kamusi za zamani za pwani zinaandika neno tandatu kwa sita. Wakikuyu wanasema ithathatu, Wakamba wanasema thanthatu. Mwenye masikio anasikia tatu na tatu. Halafu biashara na dini vilileta maneno ya Kiarabu, na sita ikachukua pahali pa tandatu, saba ikachukua pahali pa mfungate, tisa ikasukuma kenda. Mfungate ilibaki kidogo katika fungate, siku saba za maharusi. Kenda ilibaki katika jina la Mijikenda wa Kenya, watu wa miji tisa. Na kenda ilibaki kwetu, katika mdomo wa Kolwezi. Kiswahili kilipoingia Katanga na misafara ya karne ya 19, wakati wa Msiri na Bunkeya yake, kilikuja na mizigo ya namna zote mbili, sita na saba za Kiarabu, na kenda ya Kibantu. Sisi tuliweka kenda. Pwani waliiacha, na leo mtoto wa Dilala anaambiwa ni kosa kusema neno ambalo mwalimu wa pwani wa zamani angelikubali bila kuuliza.

Vile vile makumi mbili, makumi tatu, makumi ine. Jina linafanya kazi ya kuzidisha mbele yako: kumi mara tatu. Thelathini haisemi kitu kwa asiyejua Kiarabu. Kifaransa nacho kinajua mchezo huu, kwa maana quatre-vingts ni nne mara ishirini. Wabelgiji walituachia septante na nonante, ambazo ni nyepesi, lakini quatre-vingts hawakuiondoa, na batoto wa mwaka wa tatu bado wanaijaribu kama mtu anayepanda ngazi yenye kipande kimoja kilichovunjika.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha tofauti hii vizuri kuliko mingine. Wapenzi wa michezo ya maneno kwa Kiingereza wanajivunia sana kwamba eleven plus two na twelve plus one zina herufi zile zile, na zote mbili ni kumi na tatu. Kweli ni ajabu, kwa Kiingereza. Lakini jaribu kwa Kiswahili: kumi na moja na mbili, kumi na mbili na moja. Herufi ni zile zile, bila shaka, kwa sababu maneno ni yale yale. Kwao ni muujiza mmoja uliotafutwa. Kwetu ni sarufi ya kila siku, na inafanya kazi kwa kumi na tatu na ine kama kwa kumi na ine na tatu. Hakuna wa kushangaa. Sisi hatushangai, na labda hapo ndipo tumepoteza kitu, kwa sababu kitu usichokishangaa hukitunzi.

Tusiwe na upendeleo lakini. Kitabu nacho kina uzuri ambao mdomo wetu hauna, na mkosoaji asiyesema hivyo hastahili kuaminiwa. Andika sita, kisha badilisha s na t pahali pake: unapata tisa. Sasa andika tarakimu 6 na uipindue kichwa chini: unapata 9. Neno na alama vinapinduka pamoja! Kwa Kiarabu, ambako maneno yote mawili yalitoka, hayapinduki hivyo. Ni Kiswahili kilichoyapunguza na kuyalainisha mpaka yakafanana. Mwenye kusema kenda hana mchezo huu. Tulimwonyesha muvulana wetu, akaangalia muda mrefu, akasema: «Ile iko muzuri.» Akaandika zote mbili katika kaye yake, tisa na kenda, moja pembeni ya nyingine. Msimamizi alikuwapo.

Kuna mchezo wa pili wa jamaa hii, ule wa kuweka tarakimu pahali pa herufi. Uliofahamika zaidi ni wa Mwingereza Henry Dudeney, uliotolewa mwaka 1924: SEND na MORE zinajumlishwa kuwa MONEY. Kila herufi ni tarakimu moja, herufi mbili tofauti hazishiriki tarakimu, na neno halianzi na sifuri. Jibu ni moja tu: 9567 na 1085, jumla 10652. Uzuri wake ni huo, kwamba jibu ni moja. Lakini maneno yake ni maneno ya pesa, si ya namba. Tulijaribu kufanya ya namba kwa Kiswahili, ambayo iwe kweli mara mbili, kwa maneno na kwa tarakimu.

Ya kwanza tuliyojaribu ni TATU na TATU iwe SITA. Haiwezekani, na sababu yake inaweza kuelezwa kwa mtoto. Angalia safu ya makumi: T na T, pengine na moja iliyobebwa, lazima itoe T. Hiyo inatokea tu kama T ni sifuri, ambayo haikubaliwi mwanzoni mwa neno, au kama T ni 9, na 9 na 9 mwanzoni zitatoa namba ya tarakimu tano, wakati SITA ina nne. Basi tatu na tatu kwa herufi haitoi sita kamwe. Mmoja wetu, mwenye ulimi mkali, alisema neno la Kiarabu limekataa kuzaliwa na wazazi wa Kibantu. Tunamwachia maneno yake.

MOJA na TANO iwe SITA inawezekana: 4036 na 1680 ni 5716. Hapa kuna kitu kizuri. Angalia safu ya mwisho: A na O inatoa A. Basi O lazima iwe sifuri, hakuna njia nyingine. Herufi inayofanana na sifuri inalazimishwa kuwa sifuri. Na ukiandika MOYA pahali pa MOJA, hakuna kinachobadilika. Y inachukua tarakimu ya J, hesabu inabaki. TATU na NNE iwe SABA nayo inawezekana: 5351 na 992 ni 6343. Kwa mdomo wa Kolwezi, TATU na INE iwe SABA: 5451 na 973 ni 6424. Zote mbili zinasimama. TANO na NNE iwe TISA inasimama, 5713 na 114 ni 5827, lakini TANO na INE iwe KENDA haisimami hata kidogo. Ili tarakimu nne na tatu zitoe tano, K lazima iwe 1 na E iwe sifuri. Kisha safu ya mwisho, O na E, inatoa A, yaani O ni sawa na A, na hiyo imekatazwa. Hapo kitabu kimetushinda, na tunakubali.

Kasoro ya michezo hii yetu ni kwamba majibu ni mengi. TANO na TANO iwe KUMI, kwa mfano, inakubali 3548 mara mbili, yaani 7096, na inakubali pia 4538 mara mbili, yaani 9076. Fumbo lenye majibu mengi ni kama nyumba yenye milango kila upande: mwizi anaingia bila shida. Kwa kazi ya kalasi si mbaya, maana batoto wawili wanaweza kuwa na haki wote wawili, na hiyo nayo ni somo. Lakini anayetaka kushindana na Dudeney bado ana kazi.

Tuguse kidogo jambo ambalo wengine wetu walilileta na ambalo hatulitaki hapa. Pwani kuna hesabu ya abjadi, ambapo kila herufi ya Kiarabu ina thamani, kuanzia alifu ambayo ni 1 mpaka ghaini ambayo ni 1000. Waganga wa nyota wanajumlisha herufi za jina la mtu na la mama yake, wanatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki wanakiita nyota yake. Vijana wetu wanafanya jambo linalofanana kwa A ni 1, B ni 2, ili kujua kama binti fulani atawapenda. Inafurahisha kwamba kwa hesabu hiyo TANO inatoa 50 kamili. Ila mchezo unaohukumu bantu si mchezo tena. Tuuache.

Turudi kwa kile kilichotufanya tuandike. Katika Dilala ya leo, mtoto anasikia bei kwa Kifaransa, anatajiwa namba ya telefone kwa Kifaransa, anaandika tarehe kwa Kifaransa. Jaribu kumuuliza kijana wa miaka kumi na tano 89 ni nini kwa Kiswahili. Atasimama, atacheka, atasema quatre-vingt-neuf. Majina ya namba yanayobaki hai katika mdomo wake ni yale ya moja mpaka kumi, basi. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu masomo inazipa lugha za taifa, na zile za mazingira ya mtoto, nafasi ya kuwa lugha za kufundishia. Na Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Hizo ni karatasi nzuri. Lakini karatasi haifike pahali ambapo msalaba mwekundu unafika. Mtoto ambaye anaambiwa munane ni kosa hatasema nane kesho. Atasema huit.

Na wale wanaosema kwamba mchezo ni mchezo tu, haustahili kurasa za kitabu cha mila, tuwakumbushe sona za Wachokwe, watu wa upande wa Dilolo na Sandoa. Mzee alichoma nukta katika mchanga, akapitisha mstari mmoja kuzizunguka zote bila kuinua kidole, huku akisimulia hadithi. Paulus Gerdes, mtaalamu wa hesabu wa Msumbiji, alionyesha kwamba katika baadhi ya michoro hiyo kuna hesabu ya kweli: kama idadi ya safu za nukta na idadi ya nukta katika kila safu hazina kigawanyo kinachozifaa zote mbili, mstari mmoja unatosha kuzifikia zote, kama wanacho, utahitaji mistari zaidi. Wazee waliijua bila kuiita hesabu. Waliiita kuchora. Hakuna aliyeandika zero juu ya mchanga wao.

Kwa jioni ijayo tumependekeza mambo mawili kwa kamati. Kwanza, kila kikundi kitangaze orodha yake kabla ya kuanza, ya kitabu au ya Kolwezi, na kiifuate mpaka mwisho bila kuchanganya. Hapo hofu ya msimamizi kuhusu maandishi ya kujitungia itakuwa imejibiwa. Pili, mchezo uchezwe mara mbili, kwa herufi na kwa makofi, na anayesimamia makofi asiwe mtu wa kalamu. Mama yule tumekwisha kumwomba. Alisema atakuja kama tutamtafutia kiti kizuri.

Msimamizi wetu hajakubali yote. Lakini wiki iliyopita alituletea karatasi yenye fumbo alilotunga mwenyewe, na kwa makusudi, tunadhani, alichagua maneno matatu ambayo Kolwezi na kitabu vinayaandika sawa sawa, ili asibishane na mtu: SABA na TATU iwe KUMI. Tumelitatua, linasimama. Muvulana wa munane amepewa nakala yake.